Uwanja haufi siku ya mechi

Mei 25, 2025 Simba ilicheza fainali yake ya kwanza ya Afrika tangu ile ya Kombe la CAF mwaka 1993. Ilikuwa imetoka kulala 2-0 kule Berkane, Morocco, na ilihitaji kila kitu ambacho nyumbani humpa mwenye nyumba. Ilihitaji kelele, presha, na watu 60,000 wa kwa Mkapa.

Haikuvipata. CAF walikagua uwanja baada ya mvua kubwa, wakatazama eneo la kuchezea, wakasema hapana. Mechi ikavuka maji kwenda Amaan, Zanzibar, kwenye uwanja unaoingiza takribani watu 15,000. Joshua Mutale akafunga mapema, Yusuph Kagoma akalimwa nyekundu, Wekundu wakapambana wakiwa pungufu hadi RS Berkane wakasawazisha kwenye dakika za nyongeza. Ikaisha 1-1. Kombe likaenda Morocco kwa jumla ya mabao 3-1.

Hakuna anayeweza kusema Simba ingebeba ndoo kama ingecheza Dar es Salaam. Soka halina hesabu hiyo. Lakini viti 45,000 vilikosa watu wake kwenye mechi kubwa kuliko zote za klabu hiyo kwa zaidi ya miaka 30, na kilichovikosesha watu ni nyasi.

Miezi miwili kabla ya hapo, Machi, CAF walishaufungia kwa muda uwanja huohuo kwa sababu hiyohiyo, kisha wakaufungua baada ya marekebisho. Kwa hiyo Mei haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa mara ya pili.

Mtaani jibu lilikuwa jepesi: mvua. Masika yalikuwa makali, uwanja ukaloa, basi. Jibu hilo lina ukweli nusu. Mvua ilimalizia kazi tu. Nyasi haziharibiki siku mvua inaponyesha wala siku timu mbili zinapoingia dimbani. Zinaharibika wiki nyingi nyuma, pale msimu unapobadilika na watu wanaendelea kuzihudumia, na kuzichezea, kama vile hakuna kilichobadilika.

KILA NYASI NA KALENDA YAKE

Tuanzie mbali kidogo, maana huko ndiko watu wengi wanakochukua maelekezo ya kutunza nyasi. Wanaangalia video, wanasoma maandishi kwenye mfuko wa mbegu, wanakuja kuyafanyia kazi Mbagala. Hapo sasa ndipo mambo yanapoharibika.

Ukienda majimbo ya Marekani kama Kentucky, Tennessee, Virginia na North Carolina, nyasi zilizojaa kwenye nyua za nyumba na viwanja vya shule ni feskyu. Ni nyasi za majani mapana kiasi, kijani kilichokolea, zenye mizizi inayozama chini sana. Aina iliyopata umaarufu kuliko zote inaitwa Kentucky 31. Iligunduliwa mwaka 1931 kwenye shamba moja la mlimani jimboni humo, na Chuo Kikuu cha Kentucky kikaitoa kwa wakulima mwaka 1943. Ndugu yake, feskyu nyekundu, yenye majani membamba kama sindano, ndiyo inayotandikwa kwenye viwanja vya gofu vya pwani ya Uskochi.

Feskyu ni nyasi za nchi za baridi. Mizizi yake inapenda udongo wa nyuzijoto 10 hadi 18, na majani yake yanachangamka hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 24. Ndiyo maana kalenda ya mwenye feskyu inaanzia pale joto linapokatika. Septemba na Oktoba anatoboa ardhi, anamwaga mbegu, anaweka mbolea. Baridi kali ikiingia anaziacha zipumzike, na asubuhi yenye barafu juu ya majani haruhusu mtu kuzikanyaga, kwa sababu jani lililoganda likikanyagwa linavunjika. Machipuko anakata na kulisha kidogo tu. Kiangazi kikifika, kazi yake inakuwa moja: kuzivusha zikiwa hai. Anaziacha ndefu, sentimita 8 hadi 10, ili kivuli cha majani kiupoze udongo. Anamwagilia alfajiri, jumla ya milimita 25 hivi kwa wiki, kwa awamu chache na kwa kina. Mbolea ya naitrojeni hagusi. Akiigusa wakati usiku una joto na unyevu, ukungu unakuja na kuacha mabaka ya kahawia uwanja mzima.

Kuna jambo lingine kuhusu feskyu ndefu. Inaota kwa vishungi. Haitambai vya maana. Ukichimba shimo katikati ya uwanja wa feskyu, shimo hilo litabaki shimo mpaka uje na mbegu.

Kwa mwenye feskyu, kila kitu hapo ni sahihi kabisa. Ukikileta Dar es Salaam kama kilivyo, kila kitu ni kinyume.

UKOKA NI WA KWETU

Nyasi zinazofaa uwanja wa mpira ukanda wetu wa joto hazihitaji kutafutwa mbali. Ni ukoka. Huohuo unaotambaa pembeni ya barabara, unaomsumbua mkulima shambani, unaong'olewa leo na keshokutwa umerudi. Duniani wanauita nyasi za Bermuda, lakini Bermuda si kwao. Asili yake ni ukanda mpana wa dunia ya kale ambao Afrika yetu imo ndani yake.

Ukoka wa kawaida ulichanganyika na jamaa yake kutoka Afrika Kusini mwenye majani madogo, na mwaka 1960 kituo cha utafiti cha Tifton, Georgia, kikatoa chotara aitwaye Tifway. Chotara huyo na wenzake waliomfuata ndio waliotandikwa kwenye viwanja vingi vya nchi za joto. Kwa hiyo unapoona kapeti la kijani kwenye televisheni kule Marekani ya kusini, jua kuna damu ya Afrika mle.

Chotara huyo ana kisa chake ambacho mnunuzi anatakiwa kukijua: hazai mbegu zinazoota. Anapandwa kwa vipande vya mashina au kwa mikeka ya nyasi iliyokwisha kuota. Mtu akikuletea mfuko akakwambia ni mbegu za Tifway, usinunue. Ndani kuna kitu kingine.

Sasa linganisha. Feskyu inalala kwenye joto, ukoka unaamka. Ukoka unafurahi hewa ikiwa nyuzi 27 hadi 35, yaani hali ya hewa ya Dar kwa sehemu kubwa ya mwaka. Feskyu inataka kuachwa ndefu, ukoka wa uwanjani unataka kukatwa mfupi, milimita 20 hadi 30, tena mara kwa mara. Feskyu haipewi naitrojeni wakati wa joto, ukoka ndio wakati wake wa kula. Feskyu ikitoboka inasubiri mbegu, ukoka unatambaa juu ya ardhi na chini ya ardhi, unajiziba wenyewe.

Unajiziba, ila ukipewa mambo matatu: jua, chakula na muda. Kwenye viwanja vyetu jua lipo na chakula kinanunulika. Muda ndio tunaounyima.

KIANGAZI: HAPA NDIPO MECHI INAPOSHINDWA

Januari na Februari pale Dar ni jua la utosini. Kwa ukoka ni msimu wa kula na kukua, mradi maji yapo. Na maji si kidogo. Eneo la kuchezea la kawaida kwa mechi za kimataifa ni mita 105 kwa 68, sawa na mita za mraba 7,140. Kila milimita moja ya maji juu ya eneo hilo ni lita 7,140. Ukitaka kuupa uwanja milimita 5, umemwaga lita 35,700. Hayo ni maboza matatu na nusu ya lita 10,000, kwa kumwagilia mara moja tu.

Ndiyo maana kumwagilia kunataka akili. Ukinyunyiza kidogo kidogo kila siku, mizizi inabaki juu juu, kwa sababu kinywaji kiko juu. Mchezaji akigeuka kwa kasi, kipande kizima cha nyasi kinang'oka kama wigi. Ukimwagilia kwa kina kisha ukauacha ukauke kidogo, mizizi inashuka kufuata maji. Na wakati mzuri ni alfajiri. Mchana jua linakunyang'anya, na usiku majani yanalala mabichi, ukungu unapata nafasi.

Mbolea nayo ina hesabu. Kipimo cha kawaida kwa nyasi zinazokua ni gramu 4 hadi 5 za naitrojeni kwa kila mita ya mraba kwa mwezi. Kwa uwanja mzima, gramu 5 ni kama kilo 36 za naitrojeni. Urea ina naitrojeni asilimia 46, kwa hiyo unahitaji kama kilo 78, mfuko mmoja na nusu wa kilo 50. Igawe mara mbili ndani ya mwezi na uimwagilie maji palepale, la sivyo itaunguza majani na utabaki na madoa ya njano.

Lakini kazi kubwa ya kiangazi iko chini ya nyasi. Huu ndio wakati wa kuuandaa uwanja kwa ajili ya masika. Udongo unaochezewa unashindiliwa. Kila kiatu, kila trekta, kila rola inabana hewa itoke. Dawa yake ni kuutoboa kwa mashine inayong'oa vidude vya udongo kama vizibo vya chupa, kisha kusambaza mchanga safi na kuupiga reki uingie kwenye matundu. Mvua ikija, maji yanapata njia ya kushuka. Ukoka uliotobolewa Februari unahitaji wiki kadhaa za jua ili ujifunge.

Sasa tazama ratiba. Januari 2025 ulikuwa mwezi wa kumalizia makundi ya CAF. Januari 18, 2025 Yanga ilitoka 0-0 na MC Alger kwa Mkapa. Kesho yake, Januari 19, Simba ikaifunga CS Constantine 2-0 hapohapo. Mechi mbili za kimataifa, siku mbili, nyasi zilezile. Ratiba ya CAF haikuwa mikononi mwa timu, hilo linaeleweka. Ila kila mechi ya aina hiyo ni deni, na deni linatakiwa kulipwa kabla Machi haijagonga hodi. Machi hiyo ndipo CAF walipofunga milango kwa muda.

MASIKA: USIFANYE MENGI

Kuanzia Machi hadi Mei, mambo mawili yanabadilika kwa pamoja. Maji yanazidi na jua linapungua.

Watu wengi wanaliona la kwanza tu. Udongo ukijaa maji, hewa inatoka. Mizizi nayo inapumua, na ikikosa hewa inaoza. Udongo uliolowa ndio pia unaoshindiliwa kirahisi kuliko wote, kwa hiyo dakika 90 kwenye tope zina madhara kuliko mechi nyingi kwenye uwanja mkavu. Viwanja vya kisasa hujengwa kwa tabaka la mchanga la sentimita 30 hivi juu ya kokoto na mabomba ya kutolea maji, ili mvua ikikata mpira uendelee. Ila mchanga huo ukizibwa na vumbi na masalia ya nyasi zilizokufa, mabomba ya chini hayana msaada. Maji hayawafikii.

La pili ndilo linalosahaulika. Wingu likikaa wiki nzima, ukoka unakosa jua, na ukoka ni mmoja wa mimea inayochukia kivuli kuliko mingi. Usitegemee ujizibe Aprili kwa kasi ya Februari. Mechi ya Aprili inatoboa shimo, na shimo linasubiri. Mechi inayofuata inalikuta palepale.

Viwanja vyenye paa vina mtihani wa ziada. Paa linalomkinga shabiki na mvua ndilo linalozinyima nyasi jua la asubuhi au la jioni, kutegemea upande. Ulaya wanaingiza taa kubwa za magurudumu, zinaachwa uwanjani usiku kucha zikifanya kazi ya jua. Sisi tuna jua la bure, ila linahitaji nyasi zisiwe zimefunikwa na majukwaa wala turubai.

Kwa hiyo masika ni msimu wa kujizuia. Pandisha kidogo kisu cha mashine ili jani liwe na eneo kubwa la kukusanya mwanga. Usikate zaidi ya theluthi moja ya urefu kwa mkupuo. Usiingize mashine nzito juu ya udongo uliolowa. Punguza naitrojeni, kwani mvua inaiosha na inayobaki inazaa majani laini yanayoliwa na ukungu. Angalia viwavi jeshi, wanaweza kula uwanja wa ukoka kwa siku chache mvua zinapoanza. Na ng'oa ndago mapema, maana ukiiacha ikaweka viazi vyake chini, utapigana nayo miaka.

Zaidi ya yote, hamisha mazoezi. Timu mgeni ina haki ya kuonja uwanja kabla ya mechi ya kimataifa, sawa. Ila mazoezi mengine yote, bonanza, mechi ya maveterani, mkutano, tamasha, Aprili si mwezi wake.

KIPUPWE: MAPUMZIKO YASIYO MAPUMZIKO

Juni hadi Agosti mvua imekata, upepo wa kusi unavuma, usiku una ubaridi kidogo. Hapa Dar ukoka haulali usingizi kama unavyolala kule Marekani, ambako udongo ukishuka chini ya nyuzi 10 unageuka kahawia mpaka machipuko. Wetu unaendelea, ila kwa mwendo wa pole. Ukienda mikoa ya miinuko kama Arusha, Mbeya na Njombe, pole hiyo inaonekana kabisa.

Kwa bahati, kipupwe kinakutana na mwisho wa ligi. Kwenye karatasi, huu ndio muda wa matibabu: kukwangua masalia, kutoboa, kuweka mchanga, kupanda vipande pale palipokufa, kumwagilia kwa uhakika kwa sababu mvua haipo. Kidonda kilichofunguliwa mwanzoni mwa Juni kinahitaji wiki 6 hadi 8 za utulivu ili kiwe tayari.

Sasa soma mwaka 2025. Juni 25, dabi ya Kariakoo iliyoahirishwa Machi ikapigwa kwa Mkapa, Yanga ikashinda 2-0. Agosti 2, CHAN ikafunguliwa hapohapo, Taifa Stars ikaichapa Burkina Faso 2-0. Agosti 22 Stars ikatolewa na Morocco kwa 1-0 kwenye robo fainali. Agosti 26 Madagascar na Sudan wakacheza nusu fainali. Septemba ikaja na Simba Day na Wiki ya Mwananchi, halafu Septemba 16 Ngao ya Jamii, Yanga 1-0.

Ilikuwa burudani ya aina yake, na hakuna mpenda soka aliyetaka hata moja ya mechi hizo isichezwe. Lakini itazame kwa jicho la nyasi. Kati ya dabi na ufunguzi wa CHAN kulikuwa na siku 38. Zaidi ya hapo, mapumziko ya mwaka hayakuwepo.

Simba Day na Wiki ya Mwananchi zina uzito wake pekee. Zina mechi, zina jukwaa, zina wasanii, zina watu juu ya nyasi. Jukwaa likikaa, chini yake hakuna jua wala hewa. Siku moja nyasi zinavumilia. Siku tatu kwenye joto zinaanza kugeuka njano. Kwa hiyo swali la kumuuliza mwandaaji liwe hili: jukwaa linaingia lini, linatoka lini, na limekaa juu ya nini? Zipo sakafu maalumu zenye matundu zinazoruhusu hewa kupita na kusambaza uzito. Mbao tupu hazifanyi kazi hiyo.

VULI: NAFASI YA PILI

Oktoba hadi Desemba joto linarudi na mvua za vuli zinakuja kwa vipande, jua katikati. Kwa ukoka hakuna zawadi nzuri kuliko hiyo. Kila kilichokufa katikati ya mwaka kinaweza kufufuka hapa kama kimelishwa na kukatwa kwa utaratibu. Ukata mfupi, ukata mara nyingi, hata mara tatu kwa wiki. Kila unapokata ncha, mmea unasukuma matawi ya pembeni, kapeti linanenepa.

Ni msimu huu pia ambao klabu zetu huingia kwenye mechi za kimataifa mfululizo. Oktoba 20, 2023 dunia iliiona kwa Mkapa wakati Simba ilipotoka 2-2 na Al Ahly kwenye ufunguzi wa African Football League, baada ya uwanja kukarabatiwa. Mpira ulitembea. Hiyo ndiyo picha ya uwanja uliopewa muda wake kabla ya kazi.

MCHANGANI NAO WANA NAFASI

Usidhani haya ni ya viwanja vikubwa tu. Uwanja wa shule au wa kata hauna bomba la chini wala mashine ya kutoboa, lakini ukoka ni uleule.

Kama mna fyekeo na vijana 20, mna vifaa vya kuanzia. Chukueni ukoka unaoota wenyewe jirani, mkate mashina vipande vya urefu wa kidole, mvifukie nusu kwenye mistari mwanzoni mwa vuli au mwanzoni mwa masika, mvua ifanye kazi ya boza. Fungeni uwanja mpaka zishikane. Samadi iliyooza vizuri inatosha kuanzia. Mbele ya magoli, ambako ndiko kunakokufa kwanza, toboeni kwa uma wa shamba, mjaze mchanga. Mkifanya mazoezi, hamisheni magoli ya muda, leo huku kesho kule. Na msiruhusu gari la mtu yeyote, hata la mgeni rasmi, likatize uwanja uliolowa.

Kinachogharimu hapo ni uvumilivu. Uwanja uliopandwa Novemba usichezewe bonanza la Krismasi.

Wapo watakaosema tuweke nyasi bandia nchi nzima tumalize kesi. Bandia zina nafasi yake, na Bukoba pale Kaitaba wanazijua. Hazihofii masika wala ratiba. Ila chini ya jua la mchana zinapata joto kali kuliko nyasi za kweli, nazo zina uchakavu wake, zinahitaji kupigwa brashi na kuongezwa chembechembe, na siku ya kuzing'oa na kuweka mpya inafika. Anayezikimbilia kwa sababu hataki matunzo atakutana na matunzo ya aina nyingine.

2027 HAIKO MBALI

Kenya, Uganda na Tanzania tumepewa AFCON 2027. Arusha kunajengwa uwanja mpya wa watu 30,000 hivi, kwenye mwinuko wa mita kama 1,400, ambako baridi ya katikati ya mwaka si ya Dar. Nyasi zilezile zitakuwa na mwendo tofauti kwenye miji miwili ya nchi moja. Atakayetumia kalenda moja kwa viwanja vyote viwili atakosea kimoja.

Kwa mwezi wowote ambao mechi zitaanza, mtu mmoja anatakiwa kuhesabu kurudi nyuma: wiki 8 za mwisho ni za kulisha na kukata, kabla ya hapo ni za kupona, kabla ya hapo ni za kutoboa na kuweka mchanga. Hesabu hiyo ikigongana na ligi, ligi iende kwingine. KMC Complex pale Mwenge ilishawabeba Simba na Yanga kwenye ligi msimu wa 2024/25. Inawezekana.

Ratiba ya ligi inapopangwa, mezani huwa kuna mambo mengi: mashindano ya CAF, kalenda ya FIFA, televisheni, usalama, usafiri. Mtunza uwanja naye apewe kiti pale. Asiitwe Mei kuulizwa kwa nini uwanja umeharibika. Aitwe Julai, ratiba ikiwa bado kwa penseli, aseme: hapa naomba wiki tatu, hapa msiniletee jukwaa, hapa chezeni mnavyotaka, nyasi ziko vizuri.

Na siku akisema mechi hii isichezwe hapa, asikilizwe. Itatuuma, maana tutapanda daladala kwenda uwanja mdogo kwenye mechi ya kawaida ya ligi. Ila tukikubali maumivu hayo Februari, fainali ya Mei tunacheza nyumbani.